Baba wa Bibi Harusi Kabeba Trei

Nianze na kosa langu ili mjue kisa kimetokea wapi. Nilikuwa nahudumu kwenye ukumbi mmoja wa harusi Brooklyn, New York, upande wa Flatbush, wateja karibu wote Wayahudi walioshika dini, wale wa kofia nyeusi na makoti marefu. Siku hiyo Jumanne usiku ukumbi umejaa, bendi imeshachanganya, mimi natoka jikoni na supu nakutana na mzee wa miaka hamsini na kitu, suti nyeusi safi, kabeba trei ya glasi sita za soda anapita nayo kwenye meza za wanaume. Nikajua tu huyu mgeni kamwonea huruma mwenzetu kamsaidia kubeba. Nikaweka supu chini, nikamfuata, nikamwambia samahani mzee niachie mimi, nikashika trei. Hakuachia. Nikavuta kidogo, naye akavuta, soda moja ikamwagika kwenye shati langu.

Msimamizi wangu alinitolea macho kutoka upande wa pili wa ukumbi na baadaye alinisema kweli kweli, lakini aliyeniokoa ni yule mzee wa jikoni. Kila ukumbi wa kosha, yaani chakula halali kwa dini yao, una mtu wake, mashgiach wanamwita, kazi yake kuangalia nyama isikutane na maziwa, mboga zikaguliwe wadudu, jiko liwashwe na yeye. (Kosha kwetu ni kuosha, na kweli yule mzee alikuwa anaosha letusi mpaka basi.) Akanivuta pembeni akaniambia mwachie trei yake, huyo ndo baba wa bibi harusi.

Baba wa bibi harusi! Ndo aliyelipia ukumbi, bendi, kuku, na mimi mwenyewe. Anagawa soda?

Alafu nikamwangalia usoni vizuri, nikamkumbuka. Wiki tatu na siku kadhaa nyuma nilitumwa na gari kupeleka chakula nyumba ya msiba, majirani ndo walioagiza. Mayai ya kuchemsha, dengu, na ile mikate yao ya duara yenye tundu katikati. Siku ya kuzika mfiwa hali chakula chake mwenyewe, mlo wa kwanza lazima utoke kwa watu wengine, na hapo mtu wa pwani hahitaji kuelezwa maana hata kwetu jiko la mfiwa haliwashwi, jirani ndo analeta sufuria. Uduara wa yai na dengu wanasema ni ule mzunguko wa maisha, na dengu haina mdomo, haijapasuka mahali, kama mfiwa ambaye hana la kusema. Nilivyoingia nilimkuta huyu huyu mzee kakaa kwenye kiti kifupi kama kigoda, miguuni ana malapa ya kitambaa maana viatu vya ngozi haviruhusiwi, vioo vya sebuleni vimefunikwa shuka, na koti lake limechanwa upande wa kushoto, juu ya moyo, mchano wa kama kiganja. Kushoto ni kwa baba au mama tu. Kwa kaka, dada, mke, mume au mtoto unachana kulia. Kwa hiyo ukijua kusoma lile koti unajua kafiwa na nani bila kuuliza, na kuuliza pale ni vibaya pia, mgeni anakaa kimya mpaka mfiwa aanze yeye.

Kafiwa na mama yake. Bibi wa bibi harusi. Na sasa ni siku ya 24 tangu wazike na binti anaolewa na bendi inapiga, na mzee ana trei.

Nilikaa na hiki kisa kichwani miezi, kila zamu namuuliza mzee wa jikoni kidogo, na yeye alikuwa mwalimu hasa, basi tu hakupata wanafunzi akapata mimi. Nawawekea nilivyoelewa.

Kwanza nani ni mfiwa. Kwetu ukifa bibi, ukoo mzima mnafiwa, mpaka mtoto wa binamu anaomba ruhusa kazini. Wao sheria inahesabu watu saba tu: baba, mama, mtoto wa kiume, wa kike, kaka, dada, na mwenza wa ndoa. Mjukuu hayumo. Bibi harusi anaweza kulia mpaka macho yavimbe lakini kisheria hayuko kwenye maombolezo, hakai kigoda, hachani nguo, muziki haumfungi. Anayefungwa ni baba yake, na dada wa baba yake. Mshikilie huyo dada, tutamrudia.

Pili muda. Kuna siku saba za mwanzo, shiva, hizo ni za kukaa ndani. Kisha mpaka siku ya 30, shloshim, mtu anarudi kazini lakini hanyoi na haendi kwenye sherehe. Kwa ndugu wengine wote hata mke na mtoto inaishia hapo, siku 30 umeanua matanga. Kwa baba na mama peke yao inaendelea mpaka miezi 12. Hili lilinishangaza, aliyefiwa na mtoto anaachiwa baada ya mwezi na aliyefiwa na mama wa miaka tisini anabaki mwaka! Mzee akaniambia muda haupimi uchungu, unapima heshima, mzazi ana deni lake la heshima ambalo mtoto hana. Sijui kama nimekubali. Lakini kwenye Talmudi, mkusanyo wao wa zamani wa sheria, kitabu cha Moed Katan, iko wazi hivyo hivyo, kwenye nyumba ya furaha kwa wafu wengine unaingia baada ya siku 30, kwa baba na mama baada ya miezi 12.

Nyumba ya furaha. Hapo ndo muziki unapoingia. Mnaweza kudhani sheria imeandikwa dhidi ya ngoma na kinanda, hapana, imeandikwa dhidi ya furaha ya pamoja, ya kukaa na watu meza moja mnakula mnafurahi, na muziki ndo alama yake kubwa, ukisikia clarinet inalia ujue kuna furaha. Kwa hiyo mwaka mzima yule mzee redio ya gari anasikiliza habari tu. Lakini nyimbo za mezani siku ya Sabato ni suala jingine, hizo ni ibada, hazina vyombo, na siku ya Sabato maombolezo ya hadharani yanasimama hata ndani ya zile siku saba.

Basi kwa nini wasiahirishe? Hili ndo kila mtu niliyemsimulia ananiuliza. Si wangesubiri?

Wangesubiri mpaka lini. Harusi ilikuwa wiki mbili kabla ya Pasaka yao. Wakisogeza siku saba mbele, siku ya 30 imepita, lakini kwa baba haisaidii kitu maana yeye yuko kwenye miezi 12, siku ya 31 na siku ya 24 kwenye suala la sherehe kwake zinafanana sana. Wakisogeza baada ya Pasaka wanaingia kwenye Omeri, zile siku 49 za kuhesabu mpaka sikukuu ya Shavuot, ambazo sehemu yake kubwa watu hawaoi wala hawanyoi wala hawapigi muziki, wanawaomboleza wanafunzi wa rabi Akiva, mwalimu wao wa kale, ambao Talmudi inasema walikuwa 24,000 wakafa kipindi hicho. Siku ya 33 inafunguliwa, siku hiyo kumbi zote Brooklyn zimejaa, sisi wahudumu hatulali. Jamii hii ina desturi hii na ile ina ile, wengine wanaanza kufunga mapema wengine wanachelewa, sitaingia huko. Vijana kipindi hicho wanasikiliza nyimbo za midomo mitupu, mtu anapiga ngoma kwa mdomo mpaka ukiisikia unaapa ni ngoma, na marabi wengine wanakunja uso kwamba hii mnamdanganya nani. Baada ya Shavuot kuna dirisha la wiki kadhaa, kisha tarehe 17 ya mwezi wao wa Tamuzi inafunga tena wiki tatu mpaka tarehe 9 ya mwezi wa Av, siku ya kulilia hekalu la Yerusalemu. Kwa hiyo ukitaka kukwepa msiba wa bibi unagongana na msiba wa taifa, alafu wa hekalu, na ukimaliza yote bado baba ana karibu miezi saba mbele yake.

Na juu ya yote anayeolewa si mfiwa. Hata angekuwa mfiwa yeye mwenyewe, kafiwa na mama yake mzazi, ikishapita siku ya 30 angeruhusiwa kuolewa na bendi kamili, ndani ya mwaka wake wa maombolezo, kwa sababu ndoa ni amri. Desturi yao ni kutoahirisha harusi ikiwezekana.

Hapa mzee wa jikoni aliacha letusi akanisimulia kitu ambacho mpaka leo nikikumbuka nasisimka. Kiko kwenye Talmudi, kitabu cha Ketubot. Mkate umeshaokwa, nyama imeshachinjwa, divai imeshachanganywa, na hapo hapo anafariki baba wa bwana harusi au mama wa bibi harusi. Mnafanyaje? Unamwingiza maiti chumbani, unawaingiza maharusi kwenye hupa, ule mwavuli wa ndoa. Wanakutana mara moja kama mume na mke, wanatengana, mume analala na wanaume, mke na wanawake. Wanazika. Kisha siku saba za karamu ya harusi, kisha ndo siku saba za matanga.

Yaani fungate kwanza, matanga baadaye. Na fungate kwa Kiswahili chetu ni siku saba vile vile, nilivyomwambia mzee alicheka akaniomba nirudie neno, fungate, fungate, akalishika.

Na kwa nini baba wa bwana harusi na mama wa bibi harusi tu, mbona si kinyume chake? Nilidhani kuna siri kubwa ya kiroho. Jibu ni la jikoni kabisa: baba wa bwana ndo anayeandaa karamu, mama wa bibi ndo anayempamba na kumnunulia vitu. Hao wakifa na mkaahirisha, hakuna atakayeandaa tena, chakula kimeharibika na hela imeisha, yule binti harusi yake imekufa na mama yake. Kama anayeweza kuandaa tena yupo hai, basi mnazika kwanza, mnakaa matanga yenu, mnaoana baadaye. Walioandika hii walikuwa wanajua bei ya nyama, mimi nawapa heshima zangu.

Kwenye kisa chetu hakufa mama wa bibi harusi, kafa bibi yake, na shiva ilikuwa imeshaisha. Kwa hiyo harusi kufanyika haikuwa swali hata dakika moja. Swali lilikuwa baba, na baba alienda kwa rabi wake kuuliza, hawaamui wenyewe mambo kama haya.

Sasa trei. Yosef Karo aliandika ile sheria kubwa, Shulchan Aruch, ikachapwa Venice mwaka 1565, yeye wa kule Safed na desturi za Wayahudi wa asili ya Hispania. Rabi wa Kraków, Moshe Isserles, akaongezea pembeni desturi za watu wa Ulaya mashariki, na hawa wa Flatbush wanatembea na yake. Isserles anasema desturi ni mfiwa asile karamu ya harusi ndani ya miezi 12 ya baba au mama na siku 30 za wengine, isipokuwa akiwa anahudumu pale, na chakula atakula nyumbani kwake katika kile watakachompelekea.

Ukihudumu, umo. Si mgeni tena. Uko ndani ya nyumba ya furaha lakini hukukaa kwenye furaha, umesimama, mikono ina kazi. Kama mimi. Mimi nimekuwa kwenye harusi zaidi ya mia mbili pale na sijahudhuria hata moja.

Nikasema waziwazi, mzee hii si ujanja? Glasi sita za soda, huyo kahudumu nini, wahudumu wa kweli tuko kumi na nne na miguu imevimba. Hakukasirika. Akasema wapo wanaosema mzazi wa bibi harusi hahitaji hata trei, anaingia kama baba na basi, maana asipokuwepo ataharibu furaha ya mtoto, na kumfurahisha bibi harusi ni amri yenyewe. Trei ni ya yeye mwenyewe kujikumbusha. Baba bila trei angejikuta kakaa meza ya mbele anapongezwa, mkono huu na ule, dakika kumi kasahau. Na trei huwezi kupigana nayo mabega wala kukumbatiwa nayo, hilo nimeliona kwa macho, watu walikuwa wanamjia mikono imefunguka wanafika karibu wanaona glasi wanaishia kumgusa bega.

Bado naona ni ujanja kidogo. Lakini ni ujanja wa mtu anayetaka kutii kote kuwili, si wa kukwepa.

Sasa yule dada yake, shangazi wa bibi harusi. Mama ni mmoja, msiba ni mmoja, siku ni zile zile 24, na jibu lake likawa tofauti kabisa, kwa sababu yeye si mzazi wa anayeolewa. Asipokaa kwenye karamu harusi haiharibiki. Alikuja kwenye hupa, na hata hapo hakuingia katikati, alisimama mlangoni pa ukumbi, nusu ndani nusu nje, akisikiliza zile baraka saba za ndoa. Hiyo nayo iko kwa Isserles, mfiwa kusimama nje asikie baraka. Glasi ikavunjwa, ile ya kukumbuka Yerusalemu, kwamba hata juu ya furaha kubwa kuliko zote hekalu lililobomolewa mwaka 70 bado linauma, watu wote wakapiga kelele mazal tov na bendi ikafyatuka. Kabla clarinet haijamaliza pumzi ya kwanza yeye kashatoka mlangoni kaja upande wetu, korido ya jikoni.

Mtu wa tatu sikumjua mpaka usiku wa manane tunafunga nyaya. Mpiga kinanda. Naye yuko kwenye mwaka wake, kafiwa na baba, mwezi kama wa nane tangu msiba ulikuwa unakwenda. Nikasema huyu je, yeye ndo muziki wenyewe! Kumbe mwanamuziki wa kulipwa anaruhusiwa baada ya matanga kurudi kazini kama seremala, ni riziki, hapigi ili afurahi, anapiga alishe watoto. Nyumbani hagusi kinanda. Aliniambia mazoezi anafanya na headphone, sauti chini, na nyimbo anazozipenda yeye hazipigi kabisa, anapiga za harusi tu. Kila asubuhi anakimbia sinagogi kusema Kadishi, ile sala ya wafiwa, miezi 11 wanasema kwa mzazi, na kuna siku katoka harusini saa nane usiku na Kadishi ni saa kumi na mbili. Kwa hiyo ukumbi mmoja, wafiwa watatu: mmoja kabeba trei, mmoja kajificha koridoni, mmoja ndo anawapigia wengine mia nne wacheze.

Kuna jambo moja sitalificha. Duru ya pili ya ngoma, upande wa wanaume, bwana harusi alitoka katikati ya duara akaja moja kwa moja kwa baba mkwe wake, akamshika kiwiko. Mzee akatingisha kichwa. Yule kijana hakuachia. Mzee akageuka akatafuta mahali pa kuweka trei, meza zimejaa, akaniona mimi. Safari hii yeye ndo aliyenipa. Akazunguka duara moja na mkwe wake, mikono wameshikana, taratibu, miguu haikunyanyuka sana, macho yanaangalia chini. Duara moja. Akarudi akachukua trei yake kwangu na sote tukakumbuka ile soda ya shati maana alitabasamu kidogo.

Nilimuuliza mzee wa jikoni, aliruhusiwa? Akanyamaza akikausha mikono. Akasema wapo wanaoruhusu, ni kumfurahisha bwana harusi. Mimi nisingecheza, akasema. Alafu akaongeza, lakini mimi sikushikwa kiwiko.

Kama saa nne usiku mzee huyo huyo akaniita akanipa boksi, weka kuku, weka kugel ya viazi, weka saladi, na kata keki, kipande kizuri si cha pembeni, funga vizuri mpelekee yule mama koridoni, anakwenda kula kwake. Nikapeleka. Alikuwa kakaa kwenye kreti la chupa kavaa koti tayari, mlango wa jikoni kila ukifunguka muziki unaingia na ukijifunga unakatika. Akapokea boksi akalishika magotini, akaniuliza kama bibi harusi keshacheza na mama yake. Nikamwambia ndo wanacheza sasa hivi. Akauliza kavua viatu?

Nikarudi kuchungulia. Kavua.